Mbolea ya Kaptagat na Sheria ya Bahari

Sogeeni karibu, vijana wangu, niwasimulie habari za bahari. Najua mtashangaa. Hapa Kaptagat tuko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wanariadha wa dunia nzima wanakuja kutafuta hewa yetu nyepesi, na Mombasa iko mbali, karibu kilomita 800. Lakini mvua za Machi zikianza na wazazi wenu wakaenda shambani kupanda mahindi, kila shimo linatiwa mbolea, na sehemu kubwa ya mbolea hiyo imevuka bahari.

Basi tuifuate njia yake. Mara nyingi mbolea husafiri bila magunia, imemwagwa tumboni mwa meli kubwa, na hufungwa magunia ikifika Mombasa. Inapopakiwa huko ng'ambo, nahodha au wakala wake hutoa hati ya shehena. Ichungeni sana karatasi hiyo! Ndiyo risiti ya kuonyesha mzigo umepokewa na ndio ushahidi wa makubaliano ya kuubeba. Tena mwenye kuishika kihalali ndiye anayeweza kuudai mzigo bandarini. Meli ikiwa bado katikati ya Bahari ya Hindi, mfanyabiashara aliyeketi Eldoret anaweza kuwa mwenye mali kwa sababu ya karatasi iliyo mikononi mwake.

Na mali hiyo ikipotea njiani?

Tarehe 18 Februari 2024, meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemeni karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu. Ilikuwa imebeba takriban tani 21,000 za mbolea. Mabaharia waliokolewa, meli ikabaki ikielea peke yake inaingia maji, na tarehe 2 Machi ikazama. Haikuwa ikija kwetu. Lakini hebu pigeni hesabu: tani 21,000 ni magunia 420,000 ya kilo hamsini. Ni mashamba mangapi hayo?

Kwa ajili ya siku kama hiyo watu walibuni bima ya majini. Karne ya kumi na saba, wafanyabiashara na manahodha wa London walikuwa wakikutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd. Mwenye mzigo alileta karatasi yenye jina la meli na safari yake, na kila tajiri aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini ya maandishi hayo. Mwaka 1906 Waingereza waliyaweka mazoea hayo katika sheria, na sheria yetu ya Kenya, Sura ya 390, inaifuata kwa karibu. Kanuni zake mbili ningetaka mzikumbuke. Ya kwanza: huwezi kukata bima ya mali ambayo ikipotea wewe hupati hasara, maana hiyo ingekuwa kamari. Ya pili: mwenye kuomba bima lazima aseme kweli yote anayoijua kuhusu mzigo na safari, hata asipoulizwa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi huumia. Bima haifuniki kila kitu. Ziko za aina tatu zinazotumika sana duniani, na ile ya bei nafuu kuliko zote hailipi maji ya bahari yakiingia tumboni mwa meli na kulowesha mbolea. Vita navyo hukatiwa bima kando. Na ucheleweshaji haulipwi na aina yoyote kati ya hizo tatu.

Kwa mkulima, kuchelewa ni msiba. Mnakumbuka Ever Given? Machi 23, 2021, meli hiyo yenye makontena zaidi ya 18,000 ilikwama katika Mfereji wa Suez, na kwa siku sita meli za dunia zikapanga foleni. Mbolea inayofika mahindi yakiwa yameshaota haiwezi tena kupandiwa, hata kama haikupotea punje moja.

Ever Given ilifufua pia desturi ya kale sana ya mabaharia. Nahodha akilazimika kutupa baadhi ya mizigo baharini, au kuingia gharama kubwa ili kuokoa safari nzima, hasara hiyo hugawanywa kwa wote wenye mali ndani ya meli. Ni harambee, ila hii ni ya lazima. Wenye makontena ya Ever Given walitakiwa watoe dhamana kabla ya kupewa mizigo yao. Waliokuwa na bima, kampuni zao ziliwawekea sahihi. Wasio nayo walidaiwa fedha taslimu.

Je, mwenye meli naye hawajibiki? Hilo watu wamegombania kwa miaka mia moja. Kanuni za Hague za mwaka 1924 zilimpa mwenye meli kinga nyingi. Hata nahodha akiigongesha meli mwambani kwa uzembe wa kuongoza, mwenye meli aliweza kusema si juu yangu. Nchi zenye mizigo mingi na meli chache zililalamika, na mwaka 1978 zikapatikana Kanuni za Hamburg, zilizoifuta kinga hiyo na kumwajibisha mbebaji hata akichelewesha mzigo, japo kwa kiwango chenye kikomo. Kenya ilijiunga mwaka 1989. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba ilikuwa haki, kwa maana sisi ni taifa la wenye mizigo.

Lakini kanuni nzuri haimsaidii asiyeijua. Tangu Januari 2017 serikali inawataka waagizaji wakate bima kwa kampuni zilizoko Kenya, wasilazimike kufuatilia madai yao ng'ambo. Hatua njema, ila madai bado yanahitaji mtu wa kuyaandika. Chini ya Kanuni za Hamburg, uharibifu unaoonekana kwa macho unatakiwa kuripotiwa kwa maandishi kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Usioonekana, siku 15. Kesi yenyewe, miaka miwili.

Mtu huyo wa kuandika anaweza kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha sheria mjini Eldoret, huko Annex. Ukishapata shahada ya sheria, kuna taasisi ya sheria za bahari kule Malta, na chuo kikuu cha mambo ya bahari kule Malmö, Sweden, vyote viwili vilivyoanzishwa na shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, na vinapokea wanafunzi kutoka nchi kama yetu. Hawatawauliza kama mnajua kuogelea. Watataka kuona kama mnaweza kusoma mkataba mrefu hadi mstari wa mwisho, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya hati ya shehena.