Ndege ya rimoti Londiani: soma jina kabla ya kukamilisha malipo

Londiani iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Ndege ya rimoti isiyo na injini lazima iende kasi kuliko ingekuwa Mombasa, la sivyo inaanguka. Upepo ukigonga mlima hupanda, nayo hupanda nao. Raha tupu! Mabawa unaweza kujichongea kwa foamu, ila risiva, betri na mota ndogo za usukani wengi huagiza mtandaoni. Hapo ndipo matapeli hukungoja. Muuzaji akitaka pesa yote kabla hujaona mzigo, tunakushauri utulie kwanza. Muulize till namba ya duka, kisha usome jina linalotokea kabla hujakamilisha malipo. Ni la mtu mwingine? Usitume, hata akikwambia imebaki moja tu.