Fort Jesus: Ngome iliyojengwa kulinda ushuru wa bandari ya Mombasa

Kwa mfanyabiashara wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma, jina la Mombasa lina maana ya Kilindini: makontena, hati za forodha na foleni ya malori. Lakini bandari kongwe ya mji huo iko upande wa mashariki wa kisiwa, ambako majahazi yalitia nanga karne nyingi kabla ya reli kujengwa. Kwenye mlango wa bandari hiyo imesimama Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596.

Watalii wengi huiona kama jengo la vita. Kwa watu wa biashara, ni vyema kufahamu kwamba vita hivyo kwa kiasi kikubwa viligombania mapato ya bandari.

Kwa nini Mombasa?

Wareno walitaka biashara ya Bahari ya Hindi iwe chini ya mamlaka yao, makao yao makuu yakiwa Goa, India. Chombo cha biashara kilitakiwa kubeba cheti chao kilichoitwa cartaz. Chombo kisicho na cheti kiliweza kukamatwa pamoja na shehena yake. Pembe za ndovu zilitoka pwani hii, na vitambaa na shanga vilitoka India.

Katika miaka ya 1580 Waturuki, wakiongozwa na Mir Ali Bey, walifika pwani mara mbili na kuungwa mkono na miji kadhaa. Wareno waliona hatari, wakaamua kuhamisha makao yao ya pwani kutoka Malindi kwenda Mombasa na kujenga ngome ya kudumu.

Ilivyojengwa

Ramani ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mafundi waashi waliletwa kutoka India na vibarua wakatoka Malindi. Ngome ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe yake ni ya matumbawe pia.

Ukiitazama kutoka juu, ina umbo la mtu aliyelala. Hata hivyo umbo hilo lilikuwa na kazi. Buruji nne za pembeni zimepangwa ili mizinga ya buruji moja iweze kulinda ukuta wa nyingine, na adui asipate mahali pa kujificha chini ya ukuta. Upande wa bahari kuna njia iliyochongwa katika mwamba, ambayo watu na vyakula viliweza kupitishwa kutoka majini bila kupita mjini.

Ugomvi wa mgao

Sultani wa Malindi, aliyekuwa rafiki wa Wareno, alihamia Mombasa na kuahidiwa theluthi moja ya ushuru wa forodha. Ahadi hiyo ilizaa ugomvi na makapteni wa ngome. Sultani Hasan aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana nao. Mwanawe, Yusuf, alilelewa Goa na kurudishwa kutawala, lakini Agosti 1631 aliiteka ngome na kumuua kapteni. Mwaka uliofuata aliwarudisha nyuma Wareno waliokuja na manowari, kisha akaondoka mwenyewe kwa merikebu.

Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuwasaidia, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka 1729. Baadaye ngome ilikuwa mikononi mwa Mazrui hadi Seyyid Said alipoichukua mwaka 1837.

Kutoka gereza hadi makumbusho

Waingereza waliifanya gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Neno lenyewe "gereza" limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome kulikuwa na kanisa. Wakati huo huo biashara kubwa ilihamia Kilindini, kwenye kina kirefu cha maji na karibu na reli. Bandari ya Kale ikabakia na majahazi.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha ngome kuwa urithi wa dunia. Adui wa sasa ni mawimbi yanayokula mwamba chini ya kuta, ndiyo maana umejengwa ukuta wa kuyazuia.

Msafirishaji anayesubiri mzigo wake utoke bandarini anaweza kufika hapo na kutazama vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná. Ataona pia kwamba mvutano wa nani akusanye ushuru wa Mombasa, na nani apate fungu lipi, ulianza zamani sana kabla ya fomu anazojaza leo.