Kuachwa Kadeti Mara ya Kwanza Si Mwisho wa Safari

Juzi baada ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na bangili mbili za dhahabu amezifunga kwenye ncha ya leso. Mwanawe aliomba mafunzo ya uafisa katika jeshi la KDF, akaitwa, kisha akaachwa. Sasa kuna dalali amemwambia nafasi yaweza kupatikana kwa njia nyengine. Mama alitaka nimsindikize kwa sonara.

Nilimwambia arudi na bangili zake. Kuingia jeshini hakulipiwi, na jeshi lenyewe huonya hivyo. Kwa sheria ya Kenya, mtoaji hongo na mpokeaji wote wana hatia. Anayefika kambini na barua bandia haanzi mafunzo, huanza kesi.

Lakini aliyeachwa hakufungiwa mlango. Tangazo likitoka tena, mwenye sifa anaweza kuomba upya. Kwanza ajue aliachwa kwa nini.

Ikiwa ni masomo, matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kadeti awe na B katika KCSE, na C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi. Kuomba tena na cheti kile kile kisichofika hapo ni kupoteza wakati. Rudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, au omba ukurutu wa kawaida, ambao hutaka D.

Ikiwa ni mwili, urefu wa futi 5 na inchi 3 hauna dawa. Uzito unayo: kilo 54.55 kwa wanaume, 50 kwa wanawake. Nenda hospitalini mapema ukapimwe macho, masikio na meno, ujue lipi latibika.

Ikiwa ni karatasi, hapa ndipo sisi Wapwani huumia. Kitambulisho chasema Mohamed, cheti chasema Muhammad. Anza kurekebisha sasa, usingoje wiki ya usaili.

Halafu kuna umri. Kikomo cha kadeti ni miaka 26. Mwenye 21 ana muda, mwenye 25 huenda amebakiwa na nafasi moja tu. Kwa wenye digrii, kuna mlango wa maafisa wa taaluma maalumu, ambao umekuwa ukipokea hadi miaka 30.

Kambi ya wanamaji iko hapa hapa Mtongwe. Kifungu cha 241 cha Katiba chataka uongozi wa majeshi uonyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya. Lakini hakiwezi kumsaidia kijana aliyekata tamaa asiombe tena.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yule kijana tulimwita, tukamuuliza. Ana miaka 22, alama zake zatosha, na alirudishwa kwenye mizani akiwa na kilo 51. Amepungukiwa na kilo tatu na nusu hivi. Hizo dalali hauzi.