Serikali ya Wanafunzi ni Nini, na Inatuhusu Vipi?

Kamati za sharika zinazosomesha vijana hutuuliza mara kwa mara: hii "serikali ya wanafunzi" ni kitu gani? Wengine huiona kuwa chimbuko la migomo, na huwaonya vijana wao wasiisogelee. Tumeona ni vema tueleze, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ilikotoka

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mwaka 1971 kiongozi wa chama chao cha DUSO, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kuuandikia uongozi barua ya wazi. Machi 1978 waliandamana tena, wakipinga marupurupu ya wabunge na mawaziri. DUSO ikapigwa marufuku, nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, iliyokuwa chini ya mwavuli wa chama tawala.

Hapa pana fundisho. Malalamiko hayakwisha, yalikosa mlango wa kupitia. Mei 1990, baada ya mgomo, Serikali ilikifunga chuo kwa miezi kadhaa. Ni katika miaka iliyofuata kufunguliwa kwake ndipo DARUSO, chombo cha wanafunzi wenyewe, kilipoanza kazi.

Inafanya nini

DARUSO ina rais, mawaziri na bunge, wote wakiwa wanafunzi. Wawakilishi wake huingia katika vikao vya chuo, ambako mambo ya taaluma na malazi huamuliwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe, Temeke, kilichoanzishwa 2005, nacho kina serikali yake.

Kazi kubwa zaidi ni ya mikopo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, na fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita "bumu", zikichelewa, kijana aliyepanga chumba Keko au Sinza hukosa kodi na chakula kwa pamoja. Waziri wa mikopo hukusanya majina ya waliokwama na kuyapeleka kwa uongozi wa chuo. Jina moja hupotea kwa urahisi. Majina mia moja husikika.

Tusidanganyane: serikali hii haina fedha za kulipa ada, wala haiamui nani apate mkopo. Migomo nayo haikwisha. Novemba 2008 chuo kilifungwa tena kwa sababu ya suala la mikopo. Hata hivyo, palipo na msemaji aliyechaguliwa, uongozi hujua wa kuzungumza naye kabla mambo hayajaharibika.

Sharika zifanye nini

Tunaziomba kamati zifanye mambo matatu. Kwanza, mwulizeni kijana wenu: mwakilishi wa darasa lako ni nani, na umemweleza shida yako? Pili, wafadhili watume ada mapema, pamoja na namba ya usajili ya mwanafunzi. Tatu, msimzuie kupiga kura au kugombea. Anayejifunza kuwasemea wenzake chuoni ndiye tutakayemtegemea kesho katika kamati zetu.

Kijana anayeumia kimya hutufikia akiwa amekwisha kuacha masomo. Tumsaidie aseme mapema.