Kiungo cha mbao huamua mlio wa kasha la spika

KASHA la spika linaloundwa Nanganga, wilayani Masasi mkoani Mtwara, mwezi Oktoba mbao zikiwa kavu, hukutana na mvua wiki chache baadaye. Hapo ndipo hubainika iwapo fundi seremala alichagua vema namna ya kuunganisha mbao, au mteja aliyelipa kwa fedha za korosho amepata hasara.

Kazi ya kasha si kubeba spika pekee. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma huivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana, besi hufifia. Kasha huyatenganisha.

Katika kasha lililozibwa kabisa, hewa ya ndani hufanya pia kazi ya springi, mbinu ambayo Mmarekani Edgar Villchur aliitumia katika spika ya AR-1 mwaka 1954. Mwanya mdogo kwenye pembe hudhoofisha besi na kuleta sauti ya kufoka. Kwa hiyo, sifa ya kwanza ya kiungo ni kutopitisha hewa, urembo hufuata.

Njia nyepesi ni kugonganisha ncha ya ubao na ubavu wa mwingine, kisha kupiga misumari. Kiungo hicho ni dhaifu, kwani ncha ya ubao hunywa gundi, na misumari hulegea kwa mtikisiko. Kwa plaiwudi, udhaifu huo hupungua fundi akibandika kwa gundi na skrubu kipande cha mbao ndani ya kila pembe.

Njia bora zaidi kwa plaiwudi ni kuchonga ngazi kwenye ukingo wa ubao mmoja ili wa pili uketi ndani yake. Kwa plaiwudi ya milimita 18, ngazi ya milimita 9 hutosha. Eneo la gundi huongezeka na pembe hunyooka.

Mbao nzima, kama mninga, huhitaji hadhari nyingine. Unyevu huipanua kwa upana, na kwa urefu karibu haibadiliki. Pembe ya nyuzi 45 hupendeza, lakini huweza kuachia majira yakibadilika. Meno yaliyochongwa mfano wa mkia wa njiwa hushika vizuri zaidi, mradi nyuzi za mbao zote nne zizunguke kasha kwa mwelekeo mmoja, zipate kupanuka pamoja.

Ubao wa mbele na wa nyuma ufaao ni wa plaiwudi. Ukiwa wa mbao nzima, hutanuka wakati wa mvua na kuzisukuma pembe.

Kabla ya kufunga spika, fundi aweza kuweka tochi iliyowashwa ndani ya kasha, kuziba matundu ya spika kwa kadibodi, kisha kukagua pembe gizani. Palipo na mwanga pana mwanya, na gundi inahitajika.