Bruxelles kwa mara ya kwanza: mambo ambayo msafiri anapaswa kujua kabla ya kupanda ndege

Kwa Wakongomani wengi, Ulaya inaanzia Bruxelles. Mji mkuu wa Ubelgiji una ndege za moja kwa moja kutoka Kinshasa, Kifaransa kinasemwa pale kila siku, na familia nyingi za Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi zina ndugu anayeishi kule. Wengine wanaenda kwa ndoa ao kilio, wengine kwa mkutano, wengine kwa mafunzo ya wiki mbili.

Viza ikishabandikwa katika pasipoti, wasafiri wengi wanaamini kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Viza ni ruhusa ya kufika mpakani. Baada ya hapo kuna sheria ndogo ndogo ambazo mtu haambiwi, na mara nyingi anayelipia kosa la mgeni ni ndugu aliyemualika.

Karatasi zikae mkononi

Polisi wa mpakani wana haki ya kumrudisha mtu hata akiwa na viza. Wanauliza maswali rahisi: unakuja kufanya nini, utalala wapi, una pesa gani, utarudi lini. Majibu yanapaswa kulingana na karatasi zilizotolewa wakati wa kuomba viza.

Kwa hiyo barua ya mwaliko, karatasi ya hoteli ao ya ndugu, tiketi ya kurudi na bima ya safari visiwekwe ndani ya valizi kubwa. Viwe katika mfuko wa mkononi, vimechapishwa, kwa sababu simu inaweza kuzimika. Bima hiyo ni lazima ilipe matibabu ya angalau euro 30.000.

Kuhusu pesa, Ubelgiji inahesabu euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, na euro 45 kwa siku kwa anayelala nyumbani kwa mtu. Anayebeba pesa taslimu za euro 10.000 ao zaidi ni lazima azitangaze kwenye duane, la sivyo zinaweza kuzuiliwa.

Jambo lingine: ukaguzi unafanyika mahali msafiri anapoingia kwa mara ya kwanza katika eneo la Schengen. Anayepitia Addis-Abeba anakaguliwa Bruxelles. Anayepitia Paris anakaguliwa Paris, hata kama mwisho wa safari yake ni Ubelgiji. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, Ulaya imeanza pia kuandika kwenye kompyuta siku ya kuingia na siku ya kutoka ya kila mgeni.

Ndugu aliyetia sahihi

Wengi wanasafiri kwa « prise en charge ». Ni karatasi ambayo ndugu ao rafiki anayeishi Ubelgiji anatia sahihi kwenye komine yake, akionyesha mshahara wake. Watu wengi wanaichukua kama barua ya mwaliko tu. Lakini kisheria ni deni. Kwa muda wa miaka miwili, aliyetia sahihi anaweza kudaiwa gharama za kumuweka mgeni, za kumtibisha hospitalini na za kumrudisha kwao, ikiwa mgeni mwenyewe hawezi kulipa.

Maana yake ni kwamba dada, mjomba ao shemeji aliyemfungulia mtu mlango ndiye atakayeandikiwa barua na serikali, mgeni akikaa kupita muda wake.

Kuna pia wajibu ambao wengi hawaujui. Mgeni asiyelala hotelini anapaswa kujiandikisha kwenye komine ya mahali anapokaa katika siku tatu za kazi baada ya kufika. Wabelgiji wanaiita « déclaration d'arrivée ». Mwenyeji anaweza kumsindikiza, na pasipoti ni ya lazima. Kwa anayelala hotelini, hoteli yenyewe inamuandikisha.

Vitu vya kuacha nyumbani

Hakuna anayependa kufika mikono mitupu. Lakini nyama na vyakula vya maziwa kutoka Congo haviruhusiwi kuingia Ulaya. Fromaji ya Masisi, nyama ya pori, hata kuku aliyekaangwa na mama, vyote vitachukuliwa na duane na kutupwa.

Samaki mkavu anaruhusiwa, mpaka kilo 20 kwa mtu. Kwa hiyo sambaza na ndakala zilizokauka vizuri zinaweza kusafiri. Kwa matunda na mboga, sheria inadai cheti cha afya ya mimea. Nanasi, ndizi, nazi na tende ni kati ya machache yasiyohitaji cheti hicho. Maracuja na sombe mbichi vinakihitaji.

Kutoka uwanja wa ndege

Uwanja mkubwa uko Zaventem, nje kidogo ya mji. Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe, na katika dakika kama 20 treni inafika Bruxelles-Central. Tiketi inunuliwe kabla ya kupanda, na isitupwe: ndiyo inayofungua mlango wa kituo cha uwanjani.

Aliyenunua tiketi ya bei nafuu kutoka nchi nyingine ya Ulaya aangalie jina vizuri. Uwanja unaoitwa « Brussels South » uko Charleroi, mwendo wa karibu saa moja kwa bisi. Ndugu anayesubiri Zaventem atasubiri bure.

Mjini kuna metro, tramu na bisi za kampuni STIB. Kadi ya benki inaweza kugusishwa kwenye mashine na safari ikalipwa hapo hapo. Kupanda bila kulipa si ujanja: wakaguzi wanaingia bila kutangaza, na faini inapita euro 100.

Mji wenye majina mawili

Bruxelles ina lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi. Kila kituo kinaandikwa mara mbili: Bruxelles-Midi ni pia Brussel-Zuid. Katika maeneo ya Waflamand, jina la Kifaransa linapotea kabisa. Mtu aliye Leuven akitafuta treni ya Liège ataona « Luik ». Mons inaitwa Bergen, na Lille ya Ufaransa inaitwa Rijsel. Ni vema kuandika majina yote mawili kwenye karatasi kabla ya kutoka.

Pesa, saa na usalama

Dola inayonunua kila kitu sokoni Goma na Bukavu hainunui hata mkate Bruxelles. Ni lazima kuwa na euro. Na si vizuri kutembea na pesa zote mfukoni: wezi wa mifuko wanapenda metro iliyojaa na vituo vikubwa kama Gare du Midi. Pasipoti ikae pamoja na kopi yake, kila moja mahali pake. Asipewe mtu yeyote anayejitolea « kupanga » viza kwa malipo. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, na hakuna mtu wa njiani mwenye uwezo wa kuibadilisha.

Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa ya Bruxelles ni sawa na ya Goma na Lubumbashi, na jua linazama karibu saa nne za usiku. Wakati wa baridi, Bruxelles inabaki nyuma kwa saa moja, na mwezi wa Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja za jioni. Koti zito na viatu vilivyofunga ni vya lazima. Maduka mengi yanafungwa siku ya Mungu. Maji ya robine yanakunywewa bila shida. Kwa dharura, namba ni 112, na 101 kwa polisi.

Mahali Congo iliacha alama

Kwenye metro Porte de Namur, katika komine ya Ixelles, kunaanza Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Pale mgeni atapata sombe, unga wa bugali, vitambaa na wasuka nywele, na mara nyingi mtu wa kumuonyesha njia kwa lugha anayoielewa. Pembeni kuna kiwanja chenye jina la Patrice Lumumba, kilichofunguliwa tarehe 30 Juni 2018.

Mwenye siku moja ya nafasi anaweza kufika Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika, lililofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya kazi. Tramu namba 44 inaanzia Montgomery na kupita katikati ya msitu. Ni mahali pazuri na pa uchungu pia. Mwaka 1897, Wakongomani 267 waliletwa Ubelgiji ili waonyeshwe kwa watu kule Tervuren. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo. Wageni wengi kutoka Congo wanapita Bruxelles bila kujua kwamba yapo.

Kuhesabu siku

Kosa linalogharimu zaidi linafanyika mwishoni. Viza inaonyesha tarehe mbili, ya kuanza na ya kumalizika, na chini yake idadi ya siku. Tarehe hizo zinaweza kuacha nafasi ya mwezi mzima, wakati siku zilizoruhusiwa ni 15 tu. Kinachohesabiwa ni idadi ya siku, na siku ya kufika na ya kuondoka zote zimo.

Anayepata shida ya kweli, kama ugonjwa ao ndege kufutwa, anapaswa kwenda kwenye komine kabla siku hazijaisha, akiwa na karatasi ya daktari ao ya kampuni ya ndege. Baada ya hapo anaweza kupewa amri ya kuondoka, kukatazwa kurudi Ulaya kwa miaka, na kila ombi la viza litakalofuata litaanzia kwenye kosa hilo. Ndugu aliyetia sahihi naye, siku akitaka kumualika mama ao mdogo wake, ataulizwa kwanza kuhusu mgeni yule ambaye hakurudi.