BOSI KAKUFOKEA, KWA NINI MDOGO WAKO NDIYE ANALIA?

Tuongelee stresi, maana siku hizi neno hili limekuwa kama salamu. Ukimuuliza mtu wa Mwanjelwa "mambo?", anakujibu "stresi tu, mwanangu". Panda basi mpaka Iringa, teremka, uliza tena: jibu ni lile lile. Lakini stresi ni kitu gani hasa? Na kwa nini mtu anaudhiwa kazini, halafu anayeumia ni wa nyumbani?

Tuanze na pundamilia. Kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha ni kilomita kama 130. Huko pundamilia akimuona simba, mwili wake unafanya mambo mengi kwa mpigo. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni, moyo unakwenda mbio, sukari inaingia kwenye damu ili miguu ipate nguvu, tumbo linasimamisha kazi ya kusaga chakula. Baada ya dakika chache mambo yameisha. Ama kaliwa, ama kapona. Akipona anarudi kula majani yake. Halali macho wazi akiwaza simba wa kesho.

Sisi nasi tuna mwili unaofanya kazi hivyo hivyo. Tatizo letu ni kwamba simba wetu haondoki. Kodi ya chumba, marejesho ya mkopo, matokeo ya fomu foo, bei ya mahindi kushuka wakati mbolea ulikopa. Fikiria mtu aliyekuwa na kibanda Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006. Moto wa soko ulizimwa. Deni halikuungua. Kila asubuhi mwili unajiandaa kukimbia, na hakuna pa kukimbilia. Ikiendelea hivyo miezi na miezi, usingizi unakatika, presha inapanda, unasahau vitu vidogo, mafua hayaishi.

Hapa niweke jambo moja sawa. Wengi tunasema "mawazo yameniletea vidonda vya tumbo". Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria, au na dawa za maumivu zikimezwa kwa muda mrefu. Wataalamu wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini kapime, usiishie kusema ni stresi.

Sasa turudi kwenye swali la mdogo wako. Mmarekani mmoja, Robert Sapolsky, alianza mwaka 1978 kuwachunguza nyani wa porini kule Kenya, upande wa Maasai Mara. Aliwapiga sindano ya usingizi, akachukua damu, akapima homoni za stresi. Nyani hawa chakula wanakipata kwa saa chache tu, muda mwingi uliobaki wanasumbuana wenyewe kwa wenyewe. Dume kubwa linampiga la kati, la kati linamfukuza dogo, dogo linamng'ata jike, jike linamalizia kwa mtoto. Unacheka? Angalia na huku kwetu. Mwenye bajaji anamfokea dereva kwa sababu hesabu haijatimia, dereva anamtukana abiria, abiria akifika nyumbani anagombana na mkewe, mke anamchapa mtoto kwa kosa la kumwaga maji. Mtoto anampiga mbwa teke.

Jambo baya zaidi ni hili: kwa anayemtolea mwenzake hasira, inasaidia kidogo. Sapolsky aliona kwamba nyani wenye tabia ya kushindwa ugomvi kisha kumgeukia mnyonge wana homoni za stresi chini kuliko wasiofanya hivyo. Ndiyo maana inakuwa mazoea. Ubongo unajifunza: nikiudhiwa, nikifoka, napata nafuu. Kesho tena. Nafuu ni yako, bili analipa mwingine ambaye hakuwepo.

Je, ni maumbile, hayabadiliki? Hapana. Miaka ya 1980 kundi moja la nyani hao lilipata msiba. Madume yake yenye ugomvi zaidi yalizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, yakaambukizwa kifua kikuu kutokana na nyama mbovu, yakafa. Yalibaki madume mapole na majike. Ugomvi ukapungua, kuchambuana manyoya kukaongezeka. Miaka kama kumi baadaye madume yote ya zamani yalikuwa yameshatoweka, yamekuja mengine kutoka makundi ya nje, lakini upole ulikuwa bado upo. Wageni walijifunza kwamba hapa hatuishi kihuni. Na wanyonge wa kundi hilo hawakuwa na dalili za stresi kama wanyonge wa makundi mengine. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004. Kama nyani wameweza, geto lenu la watu watatu linashindwa nini?

Ya kujaribu:

1. Usiingie ndani na hasira mbichi. Shuka kituo kimoja kabla, tembea. Mwili ulishajiandaa kukimbia, basi upe kazi hiyo. Mbeya vilima vipo kila upande, Iringa kuna jiwe la Gangilonga.

2. Ukifika sema kwa mdomo: "Leo nimefokewa, nipeni dakika kumi." Walio ndani wajue kwamba kosa si lao.

3. Ulanzi, komoni au bia vitakulaza haraka, lakini pombe inavuruga usingizi, utaamka usiku wa manane na deni lako bado lipo, na hela ya leo imepungua.

4. Tafuta mtu wa kumweleza. Zimbabwe tangu mwaka 2006 wana mpango wa mabibi waliofundishwa kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha waliopitia benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi, shangazi, mshkaji anayejua kunyamaza, yeyote anayeaminika.

5. Kama wiki mbili zimepita hulali, huli, au unawaza kujiua, usingoje. Mwambie mtu leo hii, na nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaulizie huduma ya afya ya akili. Kwenda huko hakumaanishi wewe ni kichaa.

Bosi wako pengine hutambadilisha. Ila mnyororo huo unapita mkononi mwako kabla ya kumfikia mdogo wako, na unaweza kukatikia hapo.

Haya wadau, tuambiane ukweli: ukiudhiwa, wewe unammalizia nani?